Ekseli ya Nyuma na Dhamana ya Fundi

Huku kwetu pwani mtu akitaka kushindana hutafuta ngalawa, na watu wa Lamu wakati wa Maulidi hutafuta punda. Vijana wa Nairobi hutafuta gari. Wakisha kulitia injini ya nguvu, wakalipiga rangi na kulifungia muziki, gari hilo bado si la mbio mpaka litazamwe mahali ambapo mpita njia hapaoni: nyuma, chini, kwenye ekseli. Nimezungukia vibanda vya mafundi wa Kawangware na Kibera nikitaka kujua jambo moja. Fundi anaposema ameitia nguvu ekseli ya nyuma, amefanya nini hasa? Na ikikatika, ni nani wa kuulizwa?

Swali hili si la wapenda mbio peke yao. Mikono inayotengeneza ekseli ya gari la mashindano ndiyo hiyo hiyo inayotengeneza ekseli ya matatu ya abiria kumi na wanne, katika kibanda hicho hicho, pengine siku hiyo hiyo. Naye msomaji wa Mombasa au Malindi mwenye mwana anayesoma Nairobi, au binti aliyeolewa huko, ajue kuwa mwanawe hupanda namba 46 kwenda Kawangware au namba 8 kwenda Kibera bila kujua chini ya kiti chake kuna nini.

Mbio ninazozisema wenyewe huziita dragi. Magari mawili husimama sambamba, hungoja ishara, kisha huruka. Masafa ni robo maili, yaani mita 402 hivi, bila kona wala kilima. Sisi tuliolelewa na habari za Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953, tulizoea shindano la namna nyingine. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, magari yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu, na mara zote mbili aliyeshinda ni Nick Nowicki na Peugeot 404 yake. Gari lililosifiwa ni lile lililovumilia matope ya siku nne. Dragi ni kinyume chake. Sekunde kumi, kumi na tano, mambo yamekwisha. Uvumilivu hauulizwi, kinachoulizwa ni pigo la kwanza, na pigo hilo huangukia ekseli.

Tufanye hesabu kidogo, msomaji usichoke. Injini yenye nguvu ya msokoto wa Newton-mita 300 si ajabu siku hizi. Msokoto huo ukipita gia ya kwanza yenye uwiano wa 3.5 huwa 1,050. Ukipita difu yenye uwiano wa 4.1 huwa 4,305. Kilichotoka injini kimefika nyuma kikiwa kimezidishwa zaidi ya mara kumi na nne. Kwa gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake, mzigo wote huo hubebwa na vyuma viwili vinavyotoka kwenye difu, kimoja kulia na kimoja kushoto, ambavyo mafundi huviita hafu-shafti. Na hiyo ni hesabu ya upole. Dereva akiiachia klachi ghafla huku injini inazunguka kwa kasi, uzito unaozunguka mle ndani hupiga kama nyundo, na hesabu huvuka hapo.

La ajabu ni kwamba mvunjaji wa ekseli si injini, ni tairi. Kwenye changarawe gurudumu huteleza, likazunguka bure, nguvu ikapata pa kutokea. Kwenye lami kavu na tairi pana, laini, lenye kushika, nguvu haina mlango. Fundi mmoja wa Kawangware, kijana wa miaka thelathini hivi, aliniambia, "Mzee, tairi kipara ndiyo bima ya ekseli." Nilicheka, lakini hakuwa anatania. Kijana mwenye gari huja kwake na tairi mpya za bei kubwa, na juma lifuatalo hurudi amelibeba gari juu ya lori.

Basi hutiwaje nguvu? Njia ya kwanza ni kuongeza unene wa shafti, na hapa maumbile yana ukarimu wake. Chuma cha mviringo kikinenepa kidogo, uwezo wake wa kustahimili msokoto huongezeka sana. Kutoka milimita 30 hadi 35 ni nyongeza ya milimita tano tu, na jicho halioni tofauti. Lakini nguvu imeongezeka kwa zaidi ya nusu. Ndiyo maana fundi mjuzi hababaishwi na sifa za duka. Hutoa kipimo mfukoni akapima.

Njia ya pili ni kuing'oa ekseli nzima na kutia ya gari jingine lililo kubwa zaidi. Huko Marekani wapenda dragi kwa miaka mingi wametafuta ekseli ya Ford ya inchi tisa, iliyotengenezwa tangu 1957 hadi 1986, hata wenye magari yasiyo ya Ford. Inchi tisa ni upana wa gia kubwa iliyomo ndani ya difu, ambayo mafundi wetu huiita krauni. Ghuba, ambako wengi wetu tuna ndugu, mashindano ya kupanda milima ya mchanga na ya kukimbia moja kwa moja yana Nissan Patrol za zamani zenye ekseli nzima ya nyuma isiyogawanyika, na krauni yake ni ya milimita 233. Nairobi hawana Ford, na Patrol ni ghali. Hutafuta ekseli ya Hilux, ambayo difu yake hufunguliwa kwa mbele ikatoka nzima kama kichwa, ikafanyiwa kazi juu ya meza.

Lakini ekseli ya Hilux ni pana kuliko gari dogo. Lazima ikatwe. Na hapa ndipo nilipoona ufundi hasa.

Nyuma ya barabara ya Naivasha, katika kibanda cha mabati kisichozidi hatua nane kwa sita, niliona bomba la ekseli limekatwa pande mbili, likapunguzwa, na sasa linaunganishwa. Asiyejua hudhani kazi ni kuchomelea tu. Anayejua huogopa moto. Moto ukipigwa upande mmoja, chuma kikipoa hujivuta upande huo, na bomba lililokuwa limenyooka huwa na kombo. Kombo la upana wa ukucha mwisho wa bomba latosha kuua beringi kwa muda mfupi. Kwa hiyo kijana yule alipitisha nondo iliyochongwa sawasawa ndani ya bomba lote, mwisho hadi mwisho, kama mwalimu amshikaye mtoto mkono. Kisha akachomelea kipande cha urefu wa kidole, akaacha, akageuza upande wa pili, akachomelea kingine, akaacha. Aliacha tena, akanywa chai. Kazi ya saa moja ikachukua mchana mzima, na mwisho wake ile nondo ilitoka kwa mkono bila kugongwa. Hakuwa na cheti chochote.

Kisha huja kazi ya krauni na pinioni, gia mbili zinazokutana ndani ya difu na kugeuza mwendo kona. Zikibanana mno huungua; zikiachana mno hugongana na kuvunjana meno. Nafasi inayotakiwa kati ya jino na jino ni sehemu kumi na tano hadi ishirini za mia za milimita moja, au karibu na hapo. Kiwandani hupimwa kwa saa maalumu. Kibandani hupakwa rangi kwenye meno, gia zikazungushwa kwa mkono, kisha fundi akasoma alama ilipobanduka: ikiwa juu ya jino, au chini, au pembeni, kila moja ina maana yake na dawa yake. Nimewaona wakisoma alama hizo kwa haraka, bila kubishana, kama watu wasomao barua.

Njia ya tatu ni ya mkato: kuchomelea gia ndogo za ndani ya difu ili magurudumu mawili yazunguke pamoja daima. Katika mstari ulionyooka jambo hili lina faida yake, kwani hakuna gurudumu litakaloteleza peke yake. Gari likikata kona, gurudumu la nje lataka kwenda mbali kuliko la ndani, na halina ruhusa. Tairi hulia, na shafti husokotwa kila kona, kila siku. Gari la aina hiyo lafaa kuletwa uwanjani juu ya lori na kurudishwa juu ya lori.

Vijana wengi, hata hivyo, hawaendeshi magari ya ekseli nzima. Wanaendesha Subaru Impreza zilizoshushwa bandarini kwetu Kilindini, kwa kuwa sheria ya Kenya yaruhusu magari yaliyotumika yasiyozidi miaka minane. Subaru husukuma magurudumu yote manne, na difu yake ya nyuma ni ndogo, imefungwa mwilini mwa gari. Magari mengi ya aina hiyo huwa na difu iitwayo R160. Anayetaka nguvu huifungua akatia R180 ya STI, yenye krauni kubwa zaidi, pamoja na shafti zake za pembeni. Amefanya vyema. Sasa nyuma hapakatiki. Kinachokatika ni gia boksi, kwani gia boksi ya gia tano ya WRX yajulikana duniani kwa udhaifu wake. Akitia gia boksi ya nguvu, klachi itaungua. Nilimuuliza kijana wa Kawangware kama kazi hii ina mwisho. Akasema mwisho wake ni mfuko.

Maneno haya yana ndani yake elimu kubwa kuliko yanavyosikika. Kuitia gari nguvu ni kuhamisha mahali patakapokatika. Kila chombo kina kiungo kitakachotangulia kushindwa, na fundi hodari ni yule akichaguaye kiungo hicho kwa makusudi, kiwe mahali rahisi kubadilishwa na pasipoua mtu. Manahodha wetu walilijua hili kabla ya magari kuwapo: ni bora ukatike kamba kuliko ukatike mlingoti.

Kibera ilinipa upande wa pili wa habari. Karibu na Makina, katika mtaa wa Wanubi, ndugu zetu Waislamu ambao babu zao walikuwa askari wa King's African Rifles na ambao Juni 2017 walipewa hatimiliki ya ekari 288 baada ya kungoja zaidi ya miaka mia, nilimkuta fundi mzee ambaye mbio hazimshughulishi. Yeye alianzia kwenye Peugeot. Wasomaji wa umri wangu wanakumbuka teksi za Peugeot 504 zilizokuwa zikitoka Mombasa kwenda Nairobi na Malindi, watu wamebanana, mizigo juu. Mzee huyo ameifungua Peugeot 404 mara nyingi kuliko awezavyo kuhesabu, na alinieleza kuwa difu yake haikuwa na krauni kama za magari mengine, bali gia ya mfano wa parafujo inayozungusha gurudumu la shaba. Ilikuwa kimya, na ilikuwa na subira. Haikupenda pupa.

Ndiye aliyenitolea sandukuni hafu-shafti iliyokatika, akanitaka niutazame uso wake. Palikuwa na mistari midogo iliyopinda, mmoja nyuma ya mwingine, mfano wa alama zinazoachwa na maji yanapokupwa mchangani. Nilimwambia hivyo, na baadaye nikasoma kuwa wahandisi nao huzifananisha na alama za ufukweni. Maana yake ni kwamba chuma hiki hakikukatika siku kilipokatika. Kilianza kwa ufa mdogo, pengine mwaka mmoja nyuma, na kila safari ufa ukaingia ndani kidogo, mpaka siku kilichobaki hakikutosha. Shafti iliyokufa kwa pigo moja la mbio haina mistari hiyo. "Hii ya matatu," alisema mzee. "Ile ya mbio hufa kijana. Hii hufa kwa maradhi."

Kuna jambo ambalo kila fundi niliyekutana naye alilikataza kwa maneno, na kila mmoja alikiri kuwa linafanyika: kuichomelea shafti iliyokatika na kuirudisha garini. Shafti nzuri ni kama kaimati, ngumu nje na laini ndani. Ugumu wa nje hupatikana kwa moto na maji ya kiwandani, na ulaini wa ndani ndio unaoiwezesha kusokotwa bila kupasuka. Moto wa kuchomelea huharibu vyote viwili. Pembeni mwa kiungo pana sehemu iliyokakamaa kama kioo na sehemu iliyolegea, zimekaa jirani. Kwa nje imesuguliwa, inang'aa, yaonekana mpya.

Na sasa nifike kwenye lililonitia hofu. Ekseli ni za namna mbili. Katika lori, na katika mabasi ya abiria thelathini na watatu yaliyojengwa juu ya chesisi za lori za Isuzu, uzito wa gari hubebwa na bomba la ekseli, na shafti kazi yake ni kuzungusha tu. Shafti ikikatika, gari husimama, gurudumu likabaki mahali pake. Katika gari dogo na katika matatu ya Hiace, shafti hubeba uzito na pia huzungusha, na gurudumu limefungwa kwenye shafti yenyewe. Hiyo ikikatika karibu na nje, gurudumu huondoka. Dereva huliona likimpita.

Zidisha hapo rimu pana zilizotokeza nje, zipendwazo kwa urembo. Kila gurudumu linavyosogea nje ndivyo mkono wa mzani unavyorefuka na shafti kukunjwa zaidi. Zidisha matuta na mashimo, na tamaa ya kuwahi abiria kabla ya mwenzako hajawafikia. Matatu mbili zinazotoka kituoni pamoja zikikimbilia kituo kinachofuata zina tofauti gani na dragi? Masafa ni yale yale, na pigo la kwanza ni lile lile. Ila hapa mna akina mama na watoto wa skuli ndani, na shindano hurudiwa tangu alfajiri hadi usiku. Mwendeshaji wa dragi hubadilisha shafti zake anapozitilia shaka. Mwenye matatu huzibadilisha zikikatika.

Sikusudii kuwapaka matope watu wa matatu peke yao. Jina lenyewe lilitokana na nauli ya mapeni matatu, senti thelathini, na kazi hiyo imewabeba maskini wa Nairobi tangu mabasi ya kampuni yalipowashinda kwa nauli. Mwaka 1973 Mzee Kenyatta aliwaruhusu wafanye kazi bila leseni; mwaka 1984 sheria ikawarudisha kwenye leseni na ukaguzi; mwaka 2003 zikatangazwa kanuni za waziri John Michuki, mikanda na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Angalia, msomaji, kidhibiti mwendo hudhibiti mwisho wa kasi. Hakina neno na pigo la kwanza.

Barabara nyororo nazo zimeongeza tamaa. Barabara kuu ya Thika ilifunguliwa Novemba 2012. Barabara ya kando ya kusini ikapita ubavuni mwa Kibera. Julai 2018 nyumba na skuli za Kibera zilibomolewa ili barabara ya kuunganisha Ngong na Lang'ata ipite katikati ya mtaa, na walioondolewa usingizini asubuhi ile wengi wao hawana hata baiskeli.

Serikali hujibu kwa polisi, na haki wanayo, kwani barabara ya umma si uwanja. Lakini polisi peke yao hawajalimaliza jambo hili popote duniani. Wally Parks alipoanzisha chama cha NHRA huko California mwaka 1951, shabaha yake ilikuwa kuwatoa vijana barabarani na kuwapa mahali. Bahrain ilipofungua uwanja wake wa magari mwaka 2004 ilitia ndani yake njia ya dragi. Qatar ilipeleka timu yake ya Al-Anabi mpaka Marekani, ikatwaa ubingwa wa daraja la juu mwaka 2010, 2011 na 2013. Na mahali huja na masharti. Kanuni za NHRA zataka gari linalomaliza robo maili chini ya sekunde 11 liwe na shafti maalumu na kifungo cha kuzuia gurudumu lisitoke hata shafti ikikatika. Na lenye difu iliyofungwa moja kwa moja halisamehewi hata likiwa na mwendo wa polepole. Hayo ndiyo maneno ya yule mzee wa Makina, ila huko yameandikwa.

Wapo watakaouliza kama inafaa Mwislamu kujishughulisha na mbio. Mbio si haramu kwa kuwa ni mbio. Mtume, rehema na amani zimshukie, alishindanisha farasi Madina, na yeye mwenyewe alishindana kwa miguu na Bibi Aisha. Katika zawadi, hadithi mashuhuri imetaja ngamia, farasi na mishale, na wanazuoni wamehitilafiana juu ya kuviongeza vinginevyo. Walio wengi wao wasema kwamba wawili wakiweka kila mmoja fedha yake, aliyeshinda azoe zote, hiyo ni kamari, na huo ndio mchezo wa usiku wa barabara za Nairobi. Zawadi ikitoka kwa mtu wa tatu, mlango ni mwingine.

Lakini mimi naliona suala la fundi kuwa zito kuliko la dereva. Fiqhi yetu haikumsahau. Imepokewa kuwa Sayyidna Ali aliwadhaminisha mafundi kwa mali za watu walizokabidhiwa, ili wasizembee. Katika madhehebu yetu ya Shafii pana kauli mbili, na yenye nguvu ni kwamba fundi hadhamini ila akizembea au akivuka mpaka. Na imekuja katika hadithi kuwa mwenye kutibu watu ilhali hajulikani kwa utabibu, akidhuru, ni mdhamini. Wanazuoni wakawapimia hapo wenye kazi nyingine. Basi aliyechomelea hafu-shafti ya matatu akijua ni ya matatu amevuka mpaka, na mwenye gari aliyemwamuru kwa kuwa mpya ni ghali amevuka naye. Yule aliyeipitisha nondo yake katika bomba na kunywa chai huku chuma kinapoa, hana la kuogopa akiulizwa.

Taabu ni kwamba hawaulizwi, wote wawili. Daftari la gari lina namba ya chesisi na namba ya injini. Ekseli haina namba inayofuatwa. Mkaguzi hutazama breki, taa na usukani, lakini ndani ya bomba haoni, na ufa wa ukubwa wa unywele haujitangazi. Mwaka 2025 zilitolewa kwa wananchi rasimu za kanuni mpya za ukaguzi wa magari ili watoe maoni. Wenye magari wengi walisikika wakilalamikia gharama. Sauti ya fundi wa kibandani sikuisikia, naye ndiye pekee aliyeiona ekseli ikiwa wazi.

Fundi huyu amesifiwa mara nyingi. Mwaka 1985 Rais Moi aliwatembelea mafundi wa jua kali wa Nairobi, wakaahidiwa mapaa ya kazini, na jina la jua kali likaingia hata katika nyaraka za serikali. Mwaka uliofuata Rais huyo huyo alipotaka gari la Kenya alikwenda kuliomba Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 1990 Nyayo Pioneer ikaonyeshwa Kasarani. Haikufika sokoni. Mitihani ya daraja ya mafundi ipo hadi leo chini ya NITA, na aliye tayari kulipa ada na kupoteza siku za kazi anaweza kuikalia. Yule kijana wa Kawangware ameufikiria mara mbili. Kila mara ilitokea ekseli ya mtu.

Mzee wa Makina yeye ana utaratibu wake. Kila anapofunga difu, hupiga nukta tatu kwa ncha ya chuma karibu na tundu la kutilia mafuta. Nilimuuliza za nini. "Gari likirudi limeharibika, yaa sheikh," akasema, "nazitafuta kwanza. Nikizikuta mahali pake, na bolti hazijaguswa, kosa langu, nafanya tena bila malipo. Nikikuta pamepita mkono mwingine, namwambia mwenye gari akamtafute mwenye mkono." Nilimuuliza kama mafundi wengine wa mtaa hufanya hivyo. Alisema wawili, watatu, waliojifunza kwake. Na kwamba mkaguzi wa serikali hajapata kumuuliza zile nukta ni za nani.